Sauti Iliyokaa kwa Profesa

Kabula alikuwa anatambaa siku Profesa aliponiahidi kuniletea sauti ya baba yake. Miaka yote ambayo mtoto huyo alikuwa anakua, mpaka akawa binti wa kusomea ualimu na kurekebisha Kiswahili changu mbele ya wateja, nililetewa vitu vingine. Nililetewa mchele, sukari, kanga, na kalenda ya ukutani yenye picha ya chuo alichokuwa anafundisha. Nililetewa pia maelezo. Maelezo ya Profesa yangekuwa mahindi ningekuwa na ghala hapa Mhunze, nisingekuwa nachoma chapati stendi. Sauti hakuleta.

Namwita Profesa kwa sababu machimboni walimwita hivyo tangu alipofika. Yeye mwenyewe alikuwa anakataa, anasema bado hajawa profesa, ana udaktari wa falsafa tu. Kusema hivyo kulimponza, maana kesho yake mama mmoja alimletea mtoto mwenye homa. Akakubali uprofesa kimyakimya na hakuurudisha tena.

Kazi yake, kama alivyotueleza, ilikuwa kuusoma Ukristo wa Wamarekani, sinema zao, nyimbo zao, mavazi yao, wahubiri wao wa kwenye televisheni, na jinsi vitu hivyo vinavyosafiri mpaka vikamfikia mtu anayeponda mawe kule Geita. Mume wangu alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani mtu analipwa mshahara kwa kuangalia filamu?" aliuliza.

"Mshahara wenyewe mdogo," Profesa akajibu, na hakuwa anatania.

Mume wangu, Baba Kabula, siku za kazi alikuwa kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu yakawa unga. Jumamosi na Jumapili mchana alikuwa mtafsiri kwenye banda la video la palepale machimboni. Kwa asiyewahi kuingia mabanda yale, kazi ya mtafsiri ni hii. Filamu inatoka Marekani, watu wanaongea Kiingereza chao cha puani, wachimbaji hawaelewi. Basi mtu mmoja anasimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti, anaipunguza sauti ya filamu na kuisimulia yeye kwa Kiswahili, na Kisukuma kikimjia anakitia humohumo. Baba Kabula alikuwa anawaigiza wote, mwanamume, mwanamke, polisi na mbwa. Shujaa wa kila filamu alimwita Maduhu, na adui wa kila filamu alikuwa dalali wa dhahabu. Kiingereza chenyewe alikuwa nacho cha kuombea maji, lakini banda lilijaa mpaka wengine wanachungulia kwenye matundu ya bati.

Profesa alipenda benchi la kwanza, karibu na mlango, kwa kuwa spika ilikuwa hapo. Ana miguu mirefu. Aliinyoosha ikaziba njia, kinasa sauti chake cha kanda ndogo kikiwa gotini, na kila anayeingia ilibidi airuke. Watu walimwambia, "Profesa, miguu," akaomba radhi, akaivuta, na baada ya muda kidogo ilikuwa imerudi palepale. Halafu alikuwa na tabia ya kunong'ona peke yake filamu ikiendelea, ameinamia goti. Bandani waliamini anasali, anajikinga asije akapotoshwa na wale wanawake wa Kimarekani wenye nguo fupi. Mwenye banda alimheshimu kwa hilo, akawa anamruhusu kuingia bure.

Filamu iliyomshika Profesa kuliko zote aliileta mwenyewe. Ilikuwa ya Wakristo wa Marekani. Mzee mmoja mfugaji, kofia kubwa, ng'ombe mpaka macho yanachoka. Kijana mlevi anamgonga mtoto wa mzee kwa gari, mtoto anakufa. Filamu nzima mzee anahangaika na hasira, mwishoni anaingia kanisani, analia, kisha anasimama kwenye geti la shamba lake na kumsamehe yule kijana. Wanakumbatiana, nyimbo zinaimbwa, imeisha.

Ilipooneshwa mara ya kwanza banda zima liligoma. Kusamehe sawa, lakini ng'ombe wa fidia wako wapi? Mtu ameuawa, ukoo wa muuaji umekaa kikao wapi, wazee gani wamekuja kuongea? Mchimbaji mmoja alisema yule mzee amerogwa, hakuna maelezo mengine. Wiki iliyofuata Baba Kabula akaitengeneza. Pale mwishoni, nyuma ya yule kijana, kulikuwa na ng'ombe wanapita zao tu, ng'ombe wa mzee mwenyewe. Baba Kabula akatangaza kwamba hao ndio ng'ombe wa fidia, ukoo wa kijana umewaswaga tangu Kahama, na mzee anawakagua kwanza kabla ya kumkumbatia mtu. Makofi yalipigwa hadi mwenye banda akahofia bati zake.

Profesa alikaribia kuchanganyikiwa kwa furaha. Alikuja kwetu, akakataa chai, akasimama katikati ya chumba akieleza kwamba neema ya Wamarekani ni ya bure na sisi tumeitia ng'ombe, na kwamba hapo ndipo kilipo kitabu chake. Nikamuuliza kitabu chenyewe kitatoka lini.

"Mwakani, shemeji," alisema.

Kabula alikuwa hajazaliwa.

Profesa alikuwa na maneno mawili ambayo nikiyasikia hata leo mishipa ya kichwa inanisimama. La kwanza lilikuwa "hiyo ni data". Ukimwambia mvua imeharibu mahindi, hiyo ni data. Ukimwambia mchungaji amenunua gari jipya na paa la kanisa bado ni turubai, hiyo ni data, tena safi. La pili lilikuwa "tusikimbilie hitimisho". Hilo lilikuwa la mtu anayemdai jibu. Nimeambiwa tusikimbilie hitimisho mara nyingi kuliko nilivyoambiwa nakupenda, na nilikuwa na mume mwenye maneno.

Jumapili asubuhi alikuwa anatuomba twende naye makanisani, kila wiki kanisa jingine. Mchungaji mmoja wa kule alikuwa anatembea jukwaani huku na huku, taulo begani, anapanda sauti mpaka inapasuka halafu ghafla ananong'ona. Profesa alimpenda sana. Alikuwa ananigusa bega, ananiambia hapo ameiga mhubiri fulani wa Marekani, na hilo la taulo limetoka kwa mwingine, na huko kunong'ona ni kwa yule wa tatu ambaye watu wa huku hawajawahi hata kumwona. Nilitamani ardhi inimeze. Watu wanalia kwa Roho Mtakatifu, na huyu ananihesabia taulo.

Lakini kuna Jumapili watu walisimama kuimba, wakainua mikono, nikageuka nikamkuta naye ameinua. Macho amefumba. Anaimba wimbo mpaka ubeti ambao wengi wetu hatuujui. Tulipotoka nje nikamuuliza.

"Ulikuwa unasali?"

"Nilikuwa nashiriki."

"Kushiriki ndiyo nini?"

"Mtafiti anashiriki ili aelewe."

"Na Mungu anajua kwamba unashiriki tu?"

Alicheka tu. Njia nzima alikuwa anaupiga mluzi wimbo uleule. Nimemfahamu mtu huyu miaka mingi kiasi hiki, na ukiniuliza ana dini au hana sina cha kukwambia, na hilo nalo linaniudhi, kwa sababu yeye anajua kila kitu cha dini yangu.

Kuna mambo ya nguo pia. Mitumba inayofika machimboni ina fulana nyingi za Wamarekani, zimeandikwa mambo ya Yesu na kambi za vijana wa makanisa yao. Profesa akimwona mchimbaji amevaa moja alikuwa anamfuata mpaka mdomoni mwa duara, yaani shimo lenyewe la kuchimbia, na kumhoji. Kijana mmoja, mwili mzima tope, aliulizwa fulana yake ina maana gani kwake. Akaitazama, akasema hiyo ndiyo isiyo na tundu. Profesa akainunua ikiwa mwilini mwake. Alikuwa na sanduku zima la fulana za namna hiyo, zimefuliwa na kukunjwa vizuri, huku shati lake mwenyewe kola imechanika nyuzi zinaning'inia. Nilimwambia mara kadhaa avae moja ya zile. Akaniambia zile ni nyaraka.

Marekani kwenyewe alikaa miaka alipokuwa anasoma, na hakupenda kupasema, ndiyo maana siku aliposema nilisikiliza. Tulikuwa tunakula matobolwa nyumbani kwetu, yale matobolwa ya viazi na karanga, chakula ambacho alikuwa anakila kwa heshima kuliko nyama. Alisema kule alikuwa anasali kanisa kubwa lenye uwanja wa magari mpana kama kiwanja cha ndege, na kila Jumapili mtu alimkaribisha mlangoni kwa tabasamu na kumpa kikombe cha kahawa. Akatoka na kahawa yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza amelala wapi. Akirudi chumbani alikuwa anafungulia filamu, yoyote ile, ili tu watu waongee. "Nilianza kuzisoma kwa sababu nilikuwa nazo," alisema. Baba Kabula akamwongezea matobolwa kwenye sahani, akamwambia huku kwetu atachoka kuulizwa amelala wapi. Nilimpenda Profesa siku hiyo, na nisingetaka hasira zangu zilifiche jambo hilo.

Sasa nifike kwenye yenyewe. Vumbi la karasha lilimwingia Baba Kabula kifuani. Alianza kwa kukohoa kidogo bandani, anageuza kipaza sauti pembeni, anakohoa, anarudi. Kisha akawa anakohoa zaidi ya anavyotafsiri. Sauti ndiyo iliyotangulia kuondoka. Kabula anazaliwa, baba yake alikuwa ameshabaki na kunong'ona tu, na alipoanza kutambaa tulikuwa tumeshamzika. Mtoto hajawahi kusikia sauti ya baba yake hata neno moja la wazi. Simu zetu zilikuwa zile ndogo za tochi, za kupiga na kupokea, hazina kurekodi. Tuna picha mbili, moja ya kitambulisho.

Profesa alikuja msibani na gari la chuo. Nilijiandaa kumwona na kinasa sauti. Hakuwa nacho. Alivua viatu, akashika sepetu, akachimba kaburi pamoja na wachimbaji, watu ambao kuchimba ndiyo kazi yao, mpaka viganja vikamvimba malengelenge na wale wenzake wakamwomba apumzike. Hakunong'ona. Hakumwambia mtu kwamba msiba ni data. Siku ya kumaliza matanga alikaa kwenye mkeka wangu, Kabula akitambaa kati ya miguu yake, akasema, "Shemeji, sauti yake ninayo. Kanda nyingi. Nitakutolea nakala, mtoto akikua amsikie baba yake. Wiki ijayo." Nililia kwa shukrani. Nilimwambia wabeja, wabeja sana, kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Wiki ijayo ikawa kanda ziko chuoni. Chuoni ikawa zile kanda ndogo mashine yake ya kuzisomea imeharibika. Mashine ikapatikana, ikawa sasa zinasafishwa. Nikamuuliza zinasafishwa na nini, kwani zimeingia tope? Akanieleza, na nilipokata simu nilikuwa sijaelewa neno. Kisha likaja la kamati ya maadili. Alisema sauti za watu zikishaingia kwenye utafiti zina taratibu, lazima kamati iridhie kabla ya kutolewa.

"Kamati iridhie nini?" nilimuuliza.

"Kutoa nakala kwa mtu wa nje."

"Mtu wa nje ni nani, Profesa? Mimi?"

Akasema tusikimbilie hitimisho. Nilikuwa stendi hapa Mhunze, nilikohamia baada ya msiba, wateja wananisubiri, chapati inaungua. Nilimwambia maneno ambayo mjane aliyeokoka hapaswi kuyasema, na siyajutii.

Angekuwa mtu mbaya ningepumzika. Tabu ni kwamba hakuwa mbaya. Kabula alipofaulu kwenda sekondari alimletea begi na vitabu. Kila akipita kuelekea Mwadui kwenye utafiti wake mwingine wa makanisa alisimama kula kwangu, akauliza habari za kila mtu kwa jina. Anakula, anasifu, anaeleza, anaondoka. Nikitaja sauti, kijiko kinasimama njiani kwenda mdomoni.

Kilichonitisha si hasira. Ni siku Kabula alipouliza. Alikuwa darasa la nne, amerudi shule, akasema wenzake wamekuwa wanaigiza baba zao wakigomba, yeye hana wa kumwigiza. "Baba alikuwa anaongeaje?" Nikasimama kama mume wangu alivyokuwa anasimama na kipaza sauti, nikaanza, "Mzee Maduhu sasa anaingia." Haikutoka. Nikajaribu kuitoa chini zaidi, kifuani. Ilikuwa sauti yangu mimi, imenenepeshwa tu. Kabula alicheka, akaenda kucheza. Mimi nilikaa jikoni nikiitafuta, na kadiri nilivyoitafuta ndivyo niliyoisikia ilivyozidi kuwa ya Profesa akinisimulia jinsi mume wangu alivyokuwa anaongea. Niliogopa sana. Nilijua nikiisahau mimi, hakuna mahali pengine duniani ilipo isipokuwa kwenye masanduku ya mtu yule.

Mwaka huu nikasikia Profesa amestaafu, amepanga nyumba Shinyanga mjini, ana presha ya macho na haoni tena vizuri. Nikasikia pia kwamba anagawa vitu vyake, chuo kitatuma gari kuchukua makaratasi na kanda. Kabula alikuwa nyumbani likizo. Nilimweleza, nikiwa nakanda unga kwa hasira.

"Mama, kwani lazima alete? Twende tukachukue," alisema.

Tulifika asubuhi. Mlango ulikuwa wazi, na yeye amekaa kwenye kiti cha kamba, masanduku pande zote, miguu ameinyoosha kuanzia kitini hadi katikati ya sebule. Tuliiruka kuingia. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa na kola ya shati ni ileile.

"Mwangaluka, Profesa."

"Mwangaluka. Mama Kabula huyo." Akageuza uso upande mwingine. "Na nani?"

"Shikamoo," Kabula akasema.

"Marahaba. Umekuwa mkubwa. Kaeni, kaeni."

"Sikuja kukaa," nilisema. "Nimekuja kuchukua mzigo wangu."

"Mama Kabula, kuna jambo moja. Tusikimbilie..."

"Profesa, ukimaliza hiyo sentensi nitapiga yowe, majirani waje."

Hakuimaliza. Aliinuka akipapasa masanduku, akatoa mashine ndogo ya kanda, akaiweka mezani. Vidole vilikuwa vinajua pa kubonyeza. Kwanza ilitoka sauti ya watu bandani, mabenchi, mtu anakohoa. Kisha sauti ya mwanamume, karibu kabisa, ya pumzi na mate: "Hapa mtafsiri anaongeza ng'ombe. Angalia umati unavyopokea. Linganisha na toba ya hadharani katika mahubiri ya televisheni. Mhusika anaitwa Maduhu, jina la Kisukuma, uliza kwa nini." Ikaendelea hivyo, haipumui. Nyuma yake, mbali sana, kulikuwa na mtu mwingine anaongea, kama yuko chumba cha tatu na mlango umefungwa.

Kabula alikuwa ameinama karibu na mashine, mikono amebana magotini.

"Baba ni yupi?" aliuliza. "Huyu anayeongea?"

Profesa alizima. Kumbe hakuwa anasali. Bandani kulikuwa na giza, hawezi kuandika, basi alikuwa anakiambia kinasa sauti mawazo yake, Jumapili baada ya Jumapili, mdomo umegusa chombo, na mume wangu anafanya kazi ya maisha yake nyuma ya mawazo hayo.

"Zote ziko hivi?" nilimuuliza.

"Niligundua nilipotaka kukutolea nakala ya kwanza. Sikuwahi kuzisikiliza kabla ya hapo, wanafunzi ndio waliozisikiliza wakaziandika, nikasoma walichoandika." Alikuwa anaongea akitazama ukuta. "Nikasema nitatafuta sehemu safi, nitakuletea hiyo. Nikatafuta. Kila nilipofungua nilikuwa naongea mimi. Nikaacha kuzifungua."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nilikaa mbele yake miaka yote na sikumsikiliza?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

Nilimwambia amenizungusha miaka yote nikidhani ananinyima, kumbe hana. Nilimwambia mtoto amekua anasubiri, na kitabu hakuna, na sauti hakuna, sasa alikuwa anaongea na nani mle bandani? Kabula alinishika mkono nikae. Profesa alingoja hadi nikamaliza, na hilo halikuwa kawaida yake.

Kisha akatoa kanda nyingine mfukoni mwa shati, si sandukuni. Juu yake kulikuwa na karatasi, nikaisoma maandishi yake: hakuna kitu.

"Macho yalipokufa nikabaki na masikio," alisema. "Nikaanza kuzisikiliza moja moja, mpaka zile nilizozitupa pembeni. Hii nilisema haifai kwa utafiti. Sikurekodi wazo hata moja. Nakumbuka siku hiyo. Nilisahau kazi, nikawa naangalia filamu."

"Siku nyingine ulikuwa huangalii?"

"Siku nyingine nilikuwa nasoma."

Akabonyeza. Mabenchi, watu, kikohozi. Halafu akaja yeye. Akaja mzima mzima, sebuleni, na sauti yake yenye mchanga kidogo kwa chini, ambayo kwa miaka yote hiyo nilikuwa naitafuta juu zaidi ya ilipokuwa. "Mzee Maduhu amesimama getini. Kofia ameshika mkononi. Ng'ombe wale wanakuja, vumbi lile, unawaona? Anaangalia, anaangalia. Moyo unakataa, moyo unakubali." Kisha akakatisha mwenyewe, kwa ile sauti yake ya nyumbani. "Ngojeni kwanza. Profesa, vuta miguu hiyo, mke wangu apite. Ana mgeni tumboni, msimwangushie mgeni wangu hata hajafika." Banda likacheka. "Haya mgeni, umekuta ng'ombe ndio wanaingia. Kaa usikilize." Akakohoa, kidogo tu, kikohozi cha mwanzo ambacho sikukijali wakati ule. Akarudi kwa mzee wake getini.

Nilikuwa nimeisahau siku hiyo kabisa. Nilikuwa nimempelekea chakula, tumbo limeanza kuonekana, nimesimama mlangoni naona aibu watu wote wakinigeukia.

Kabula hakuwa analia. Alikuwa ameganda na mdomo wazi kidogo, na machozi yalikuwa yananitoka mimi kwa ajili yetu wote wawili.

"Ndiyo mimi huyo?" aliuliza. "Mgeni?"

"Ndiyo wewe."

"Rudisha," akamwambia Profesa. Hakusema tafadhali, na mimi sikumrekebisha.

Profesa akairudisha kwa kupapasa. Nikamwona anavuta pumzi, kidole kimeinuka, uso umemjia ule mwanga wake. "Unaona hapo anavyotoka kwenye hadithi na kuuingiza ukumbi..."

"Nyamaza," nilimwambia.

Akanyamaza. Kabula akasogeza kiti hadi magoti yake yakagusa meza. Mzee Maduhu akasimama getini, vumbi likaja, moyo ukakataa, ukakubali. Kisha baba yake akakatisha filamu, akasema Profesa avute miguu, mke wangu apite.

Yule mzee, macho yake hayaoni kitu, akavuta miguu.